Malkia Hauzwi kwa Ajili ya Sola

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Elisante,

Shikamoo. Nimeitanguliza usije ukasema mdogo wako amekosa adabu, maana yanayofuata hutayapenda. Wifi hajambo? Watoto wanaendelea na shule? Na maharage yamekubali, au mvua imewatupa tena? Sisi hapa tu wazima. Mtoto ananyonya vizuri, kitovu kimekauka, na mama ndiye anayemwogesha na kunikanda maji ya moto tangu nilipojifungua. Namshukuru Mungu kwa hayo. Sasa nakuja kwenye barua yako.

Unataka nimlainishe mama akubali kuuza Malkia, ng'ombe wake pekee, ili ununue sola. Unasema nifanye hivyo akiwa bado yuko kwangu, ili akirudi Upare akute mtambo uko juu ya bati. Nimeisoma barua hiyo kwa hasira, nikaiweka, nikairudia, hasira ikazidi. Jibu ni hapana. Ungekuwa umekaa hapa sebuleni ningekuambia hapana hiyo hiyo, na chai nisingekupa.

Malkia si mali ya urithi useme tugawane. Mama alimnunua kwa tangawizi aliyoibeba kichwani kuteremka nayo mlimani, msimu baada ya msimu, wakati wewe unatafuta kazi ambayo mpaka leo haijaonekana. Maziwa ya Malkia ndiyo sabuni ya mama, ndiyo chumvi yake na sadaka yake. Leo umemwona ng'ombe huyo umeona paneli.

Umeandika kwamba taa ni kwa ajili yake. Eti siku hizi analalamika nyumba ina giza, anagonga vikombe, mboga anaitia chumvi mara mbili, koroboi haimtoshi. Umeandika pia kwamba pesa ya mafuta ya taa itakayookolewa italipa mtambo wote, halafu baada ya hapo ni bure milele. "Jua halileti bili," umesema. Maneno hayo nayajua. Nadhani wauzaji wote wanafundishwa darasa moja, kwa sababu aliyemuuzia mume wangu alisema vile vile, hapa hapa kwangu, huku anakunywa soda yangu.

Unajua Baba Neema yuko kiwandani Chang'ombe. Mgawo wa umeme ulipokolea, mashine zikawa zinalala na wao wanarudishwa nyumbani bila malipo. Na mimi friji langu la maji ya barafu likageuka kabati la kuwekea nepi. Ndipo akatokea huyo kijana mwenye tai. Tangu mambo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila duka lina kila kitu, na kila kitu kina kijana mwenye tai.

"Shemeji, mie sikudanganyi," akaniambia. "Ukifunga hii, mgawo utausikia kwa majirani tu."

Nikamuuliza, "Na friji?"

"Friji tutaangalia mbele ya safari. Nyie anzeni na taa."

Mbele ya safari yenyewe hatujaifikia. Nikueleze gharama nilivyoziona kwa macho yangu, maana wewe umeandika bei ya paneli peke yake, kama mtu anayenunua baiskeli akasahau magurudumu. Baada ya paneli kuna betri. Kuna nyaya, kuna kile kisanduku cha kuzuia betri isizidishiwe chaji, kuna taa zake maalumu ambazo ikiungua moja huipati dukani kwa jirani. Kuna fundi. Baba Neema alipofika kwenye betri mfuko ukawa mtupu, akanunua betri kuukuu la gari kwenye gereji huko Chang'ombe. Likafanya kazi vizuri, tukaringa mtaani, na kabla ya Krismasi likafa. Ikabidi tununue betri lenyewe la sola, na bei yake ilinifanya nikae chini. Hilo nalo litakufa baada ya miaka michache. Ni kweli jua halileti bili, kaka. Bili inaletwa na betri.

Faida ipo, sitakuficha. Mafuta ya taa tumepunguza sana, redio hainunuliwi tena betri za mawe, na Neema hakohoi moshi. Jioni za mgawo nafurahi kuona sahani yangu. Lakini ni taa mbili na redio, basi. Pasi haipigi, friji haliamki. Na hapa Gongo la Mboto jua linatuchoma tangu asubuhi. Huko kwetu ukungu unaondoka watu wameshalima wakachoka, na wakati wa mvua jua mnalisikia kwenye nyimbo za kwaya. Nyumba yenyewe ina koroboi moja na chemli moja, na mnalala na kuku. Mafuta gani hayo utakayookoa yakarudisha bei ya ng'ombe wa maziwa? Na betri likifa utauza nini, mbuzi wa wifi?

Halafu kuna ulinzi. Paneli yetu haikai juu ya bati, maana paneli ya jirani iliondoka na bati lake. Yetu inalala uvunguni mwa kitanda, na asubuhi inatolewa uani na kuegemezwa kwenye kiti, ielekee jua. Hiyo ni kazi, na wakati niko kitandani na kichanga aliichukua mama.

Hapa ucheke kidogo, maana na mimi nilicheka. Betri likaanza kuisha mapema, kila siku mapema zaidi, mpaka taa zikawa kama makaa. Baba Neema akaenda kumtukana yule kijana dukani kwake, mbele ya wateja, akamwita tapeli. Kijana akaja hapa mchana na vipimo vyake, kakunja uso. Akaenda uani, akakuta paneli imeegemea kiti, imefunikwa gubigubi na kitambaa cheupe cha kufuma, kile mama alichomletea mtoto zawadi.

"Nani kaifunika hii?" akauliza.

"Mimi," mama akajibu. "Kitu cha bei namna hii mnakiacha kinaungua na jua, kuku wanakirukia, na kila mpita njia anakikodolea macho. Nimekisitiri."

Kijana alicheka mpaka akashika ukuta. Baba Neema akatafuta pa kuweka uso wake, kisha akamwomba radhi. Mimi nilimwelewa mama kabisa. Si ndivyo tulivyolelewa? Redio ya marehemu baba ilivaa kitambaa maisha yake yote, ikavuliwa akija mchungaji tu. Kitambaa nilikikunja mwenyewe jioni ile, nikaona mafundo yameruka upande mzima, maua mengine yana petali nne na mengine saba. Mama ambaye kanisa zima linamwagiza vitambaa. Nikasema labda ni safari, labda uzee.

Sasa sikiliza, na ukae chini.

Alhamisi jioni umeme wa kawaida ulirudi mapema. Balbu ya chumbani ilikuwa inawaka kweli kweli, mpaka Neema akaanza kukimbiza kivuli chake ukutani. Mama amekaa kitandani kampakata mtoto. Akaniambia kwa upole, "Mama Neema, hebu washa taa basi, nimwone mjukuu wangu usoni. Tangu nije hamjawasha taa ya kutosha."

Nikatazama juu. Nikatazama macho yake. Nikamwambia, "Mama, taa inawaka."

Akainua uso kuelekea juu. Kisha akasema, "Basi itakuwa ndogo."

Nikachukua mtoto, nikamgeuza mama mwangani, na nikaona kile ambacho wewe umekuwa ukikiona kila siku. Jicho la kushoto lina weupe katikati. La kulia limeanza. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu mavuno ya mahindi. Nikamuuliza mtoto amekuwa akimwogeshaje.

"Kwa mikono. Mtoto haogeshwi kwa macho."

"Na uliposema amefanana na baba?"

"Wewe ndiwe uliyesema, mwanangu. Mimi niliitikia."

Nililia, kaka, na mtoto akalia, na mama akawa anatubembeleza wote wawili. Kisha akanieleza kwamba alikwambia. Alikwambia macho yake yana kitu, na wewe ukamjibu ni giza la koroboi, avumilie, akikubali kumuuza Malkia ukaweka sola ataona. Unamwona mama anapapasa mlango wa nyumba aliyoijenga, anatia chumvi mara mbili, na kichwani mwako kuna paneli tu. Unakula kwake kila jioni. Hata siku moja hukumwinua uso ukamtazama? Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na sijui hasira hii itaisha lini. Usiniandikie kuniomba msamaha. Mwombe yeye.

Ijumaa nilimpeleka zahanati. Muuguzi akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba hospitali kubwa wanamtoa, mtu akaona tena, ila asicheleweshwe. Ni pesa, na sisi pesa yetu imelala uvunguni mwa kitanda, haiuziki hata nusu bei. Baba Neema amejaribu.

Kwa hiyo Malkia atauzwa. Utamuuza wewe mwenyewe, mnadani Same, si kwa yule rafiki yako anayekunywa na wewe. Utamuuza kwa bei yake, na pesa utaileta kwa mkono wako, kwa basi, mpaka mlango huu. Ukifika utamshika mama mkono tuende hospitali, wewe upande mmoja na mimi upande mwingine. Ikibaki chenji, mnunulie wifi chupa mpya ya chemli. Sola utanunua siku utakapopata ng'ombe wako.

Msalimie wifi, mwambie simlaumu. Msalimie baba mdogo Mbonea anayemkamulia mama, na umwambie Malkia anauzwa kwa sababu gani, asije akasikia njiani. Msalimie shangazi Nakijwa, mwambie mtoto tumempa jina la kaka yake, marehemu baba. Na mjomba wa kwaya, mwambie mama anawaombea.

Naandika haya mama amekaa karibu yangu, ameshika kalamu ya akiba ya Neema anaichezea vidoleni. Ameniuliza ninaandika nini muda wote huu, nikamwambia salamu. Muuguzi alimweleza kila kitu, mimi pia nimemweleza, lakini anasema kisu machoni anakiogopa na maneno yako kwamba ni giza la taa anayaamini zaidi. Ameniagiza nikwambie, na ninakuandikia kama alivyosema: "Mwambie Elisante nimekubali, amuuze Malkia. Ila mwambie anunue ile taa kali kuliko zote, isiwe kama hizi za huku."

Ni mimi mdogo wako,

Mama Neema