Salimia wa Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nimekata nusu dakika nyingine ya filamu yangu. Chai imepoa mara mbili. Sasa ni mapumziko ya kwanza kazini, ghalani, naandika juu ya boksi la viatu vya watu nisiowajua, na mgongo unauma kama kawaida. Lakini nina furaha. Niseme tu: nina furaha kubwa.

Filamu inakaribia kwisha. Mwanamke wa Buffalo anarudi kutoka kazini, anapika, anapakua sahani mbili. Ya pili ni ya mumewe, ambaye makaratasi yake ya kuja Marekani bado hayajatoka. Anaifunika kwa kitambaa. Anakula peke yake. Kila siku hivyo hivyo. Basi. Hakuna anayepigwa risasi, hakuna anayetoa pepo. Miaka minane nimepiga video za harusi za watu wetu wa Kongo hapa Louisville, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza isiyo na bibi harusi.

Dada anayeandaa alasiri ya filamu fupi za watu weusi kule Buffalo ameniandikia tena. Mmarekani, mkarimu, lakini hana mchezo na muda. Dakika ishirini, isizidi. Niitume tarehe kumi na saba. Itaonyeshwa tarehe ishirini na mbili.

Yangu ni dakika ishirini na mbili.

Jumatano, 5 Machi

Dakika mbili za ziada zina jina. Mzee Asukulu.

Tulipiga filamu nyumbani kwake Buffalo, mtaa wa Riverside, mwezi wa kumi na moja. Mdogo wangu Esperance ndiye anayeigiza yule mwanamke. Anaishi mtaa wa pili na kumwangalia mzee kama baba yake. Mzee alitupa nyumba siku nne bila kuomba kitu. Sharti moja tu: kabla ya kuwasha kamera, vitambaa vyote vifuliwe na kupigwa pasi. Vitambaa vya kufuma vya marehemu mkewe, Mama Salome, vyenye waridi jekundu katikati. Viko kwenye viti, juu ya redio, juu ya televisheni, mpaka birika lina chake. Ni kwa ajili ya vitambaa hivyo nilichagua nyumba ile. Esperance alipiga pasi siku nzima akininung'unikia.

Mzee akaomba naye aonekane. Ningekataaje? Nikampa nafasi ya jirani. Aingie, aombe chumvi, akae kidogo, aondoke. Tukarudia mara sita. Mara zote sita alikaa, akanyoosha tai, akatazama kamera moja kwa moja na kusalimia. Watoto wake wa Uvira, kule Kongo. Dada yake wa Baraka. Kanisa zima, wazee na mashemasi. Jirani gani anakuja kuomba chumvi kwa suti ya harusi?

Siku ile nilicheka mpaka kamera ikatikisika. Leo sicheki. Maana nani aliyemfundisha? Mimi. Miaka minane nazunguka kati ya meza, kamera begani, nikiwaambia: salimia wa nyumbani, mama. Salimia wa nyumbani, mzee. Mpaka Buffalo nimekwenda kupiga harusi, na yeye alikuwa meza ya mbele. Watu wetu wamejua kwamba mbele ya kamera unasalimia, ndiyo adabu. Na mtu akikatwa kwenye video ya harusi, ametukanwa. Nilimsahau shangazi wa bibi harusi mmoja na hakunisemesha mwaka mzima.

Nimemkata mzee. Filamu ni dakika ishirini kamili. Nzuri sana. Najichukia kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Esperance amepiga simu. Yaya, anasema, maana mimi ndiye dada mkubwa, umeshamwambia? Sijamwambia. Basi jua kwamba mzee ametangaza kanisani. Watu wanapanga magari ya kwenda naye. Suti ameipeleka kwa dobi. Wa Uvira wameambiwa wakae tayari na simu, watamwona baba yao kwenye ukuta mkubwa.

Nimekaa kwenye ngazi, nimeshika simu iliyokatika.

Jumapili, 9 Machi

Reynoldsburg, Columbus. Nimeendesha gari kwa saa tatu baada ya ibada ya asubuhi. Nilikwenda kwa ajili ya gitaa la filamu.

Otieno ni Mkenya aliyekuja kusoma akabaki. Siku za kazi yuko kwenye ofisi ya bima, shati jeupe. Siku nyingine ni mpiga gitaa. Ametoa albamu mbili mwenyewe, na ofisini kwake hakuna anayejua. Anarekodi ndani ya kabati la nguo, makoti yamezuia mwangwi, naye amejikunja humo na urefu wake wote. Kwanza tulibishana kama kawaida: yeye anasema ugali, mimi nasema bugali, na tunakula kitu kimoja.

Kisha akapiga. Pale sahani inapofunikwa kuna kimya, halafu gitaa linaingia polepole, nyuzi mbili tu. Nimelia. Sikujificha.

Nikamuuliza, je, nikimrudisha mzee pale? Hata sekunde kumi? Otieno akaweka gitaa chini. "Ukimrudisha, toa gitaa langu," alisema. "Sina hasira, madam. Lakini hivyo viwili haviwezi kukaa pamoja."

Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu kumrudisha kwa hila. Mgongo tu: bega linageuka kutafuta kamera. Mkono tu: unapunga. Sauti tu: dada yangu wa Baraka. Binti yangu Ruth alipita akaangalia, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba babu huyu anasoma taarifa ya habari. Ana miaka tisa. Yuko sahihi.

Nimemtoa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetuma. Dakika ishirini. Mzee hayumo na hajui. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimetoka nyumbani Okolona, Louisville, alfajiri, nikampitia Otieno Columbus, tukafika Buffalo saa tisa mchana. Theluji bado iko pembeni mwa barabara, nyeusi kwa uchafu. Njia nzima Otieno alinifundisha nitakavyosema. Tulipofika kwa mzee, akasema anabaki garini kuangalia gitaa. Eti gitaa litaibwa.

Mzee alinifungulia mwenyewe. Suti imetundikwa mlangoni, bado na nailoni ya dobi. Amepika sombe, majani ya muhogo. Vitambaa vyote vimefuliwa upya, kana kwamba kesho filamu inapigwa tena. Akaniketisha kwenye kiti kile kile. Akaanza kunihesabia wanaokuja, kwa majina.

Nikamkatiza. Nilisema vibaya, kwa haraka, nikitazama birika. Kwamba filamu ina dakika ishirini. Kwamba sehemu yake haikuingia. Kwamba kosa si lake, ni langu, mimi ndiye niliyewazoesha watu kusalimia. Kwamba nitamtengenezea video yake ya salamu, peke yake, nzuri.

Alinyoosha kitambaa kilichokuwa kwenye mkono wa kiti chake.

"Donc, basi umenikata," alisema.

"Ndiyo, baba. Nimekukata."

"Na batu nimeisha kubaambia."

Ni kweli, watu alikuwa ameshawaambia. Akasimama, akanipakulia sombe kwenye bakuli, akalifunika, akanipa niende nalo. Hakuniambia nikae nile. Kwa watu wetu hilo ni jambo. Mlangoni aliniambia nimsalimie mwenzangu wa garini. Basi.

Otieno alikula sombe yote. Mimi sikuionja.

Jumamosi, 22 Machi

Saa nne asubuhi, nyumbani kwa Esperance. Filamu ni saa tisa. Esperance amepita kwa mzee: mlango umefungwa, hajibu simu. Nimebadilisha kitenge mara tatu. Natamani kurudi ghalani, walai. Huko boksi halikuulizi kitu.

Jumapili, 23 Machi

Niandike yote kabla ya safari.

Walikuja. Magari manne. Na mzee mbele yao, ndani ya suti, tai imenyooka. Akapita karibu nami, akaitikia shikamoo yangu, akaenda kukaa mstari wa kwanza. Akamwambia kijana mmoja wa kanisani amshikie simu, Uvira walikuwa hewani. Nikajua hajawaambia. Otieno alinishika kiwiko, namshukuru kwa hilo.

Filamu yetu ilikuwa ya tatu. Taa zikazimwa. Ukuta ule ni mkubwa. Kwenye kompyuta yangu kitambaa kilikuwa kitambaa. Pale, Esperance alipokitandaza juu ya sahani, waridi la Mama Salome lilijaa ukuta mzima, kila uzi peke yake, mpaka pale marehemu alipokosea fundo moja na kuliacha. Nyuzi mbili za Otieno. Nikasikia mtu wa mstari wa mbele anavuta pumzi.

Watu walipiga makofi. Wamarekani wakauliza maswali mazuri, nikajibu kwa Kiingereza changu cha kazini. Halafu mama mmoja wa kanisa akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, mbona mzee hatukumwona? Watu wetu wote ukumbini wakanigeukia.

Mzee akasimama. Alifunga kwanza kifungo cha koti. Alisema nao, si nami.

"Mimi siko mule. Alinikata, na alikuya kuniambia mwenyewe, machoni. Bon." Akaonyesha ukuta, ambao ulikuwa mtupu. "Lakini Mama Salome iko mule. Bile bitambaa ni mikono yake. Mumeiona yote."

Akaikamata ile simu, akawaambia wa Uvira: mumeona mama yenu? Simu ikajaa sauti za watu, wote kwa pamoja, siwezi kuandika walisema nini. Mmoja alikuwa analia. Mzee hakulia. Alikaa tu, simu sikioni, anaitikia ndiyo, ndiyo, ni yeye.

Yule dada mwandaaji aliomba nimtafsirie. Nikajaribu, nikashindwa katikati, Esperance akamalizia.

Nje, mwanamume mmoja mpiga gitaa la besi wa Buffalo alimganda Otieno, wanataka kurekodi pamoja mwezi wa tano. Otieno alikuwa anajifanya mtulivu. Mwandaaji akaniuliza nina filamu gani nyingine. Nikasema ninayo. Sina. Nitakuwa nayo.

Mzee aliniita kabla ya kupanda gari. Alisema leo jioni njoo ule, na uje na yule wa gitaa, asibaki tena nje kama mlinzi. Tulikwenda. Alinikalisha. Nilikula mpaka nikaona haya.

Jumamosi, 5 Aprili

Louisville. Harusi ya kijana wa kwaya. Nimefika mapema, betri tatu, viatu vya chini.

Wiki iliyopita niliunganisha salamu zote sita za mzee, sikukata hata kikohozi. Dakika tisa. Nikazituma Uvira na Baraka, na kwa mzee mwenyewe. Mzee amenijibu kwa ujumbe wa sauti: suti ilionekana vizuri.

Leo nilipofika meza ya saba kulikuwa na bibi mmoja, mgeni kabisa hapa, koti bado mwilini. Aliitazama kamera bila kujua afanye nini. Nikapiga goti ili nilingane naye.

Salimia wa nyumbani, bibi, nikamwambia. Chukua muda wako.