Nyumba Niliyoigeuza

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi hali yako, na kifua cha mtoto kimepoa? Mimi mwili mzima, ila roho imepanda juu na haitaki kushuka.

Nyumba ya mama imekwisha, mpaka rangi. Watu wanasimama getini kuuliza nani kaichora, na mimi niliyejifunzia kuchora kwenye simu kichwa kinavimba. Halafu naingia ndani, namkuta mama kwenye kiti pale pale nilipomwacha.

Si unakumbuka tulivyopatana kabla ya kubomoa ile ya zamani? Macho ya mama yamekwisha, kwa hiyo vyumba na milango vikae vile vile, apite kama alivyozoea. Mimi nichore, mumeo ajenge. Sasa kila kitu kipo, Dada, ila upande wa pili. Cha kushoto kiko kulia. Anakwenda jikoni anaishia chumbani kwangu. Juzi kagonga ukuta mpaka mdomo ukavimba. Akasema nyumba imemkataa, na fundi aliyejenga hivi asimsalimie tena. Nasikia na wewe umemnunia shemeji, unamwekea chakula mezani unaondoka.

Acha kumnunia. Ni mimi. Ramani ilikuwa tayari, nikaona tukiigeuza, jua la asubuhi litaingia kwa mama limpashe miguu. Nikabonyeza mara moja, ikageuka kama kwenye kioo, nikajiona nina akili kuliko ninyi wote. Shemeji aliniuliza, we Kiherehere, mama anajua hili? Nikamwambia anajua, wewe jenga. Siku mama anamfokea, shemeji aliniangalia, akanyamaza. Na mimi nikanyamaza.

Sasa shemeji simu zangu hapokei. Najaribu kumzoesha mama upya, namshika mkono, anasema amechoka kufanywa mtoto. Mwambie shemeji aje, tubomoe tutakachoweza, zege nitabeba mwenyewe. Na wewe njoo naye, maana peke yangu mbele ya mama mdomo haufunguki.

Leo nimemkuta anapapasa ukuta mtupu, mahali ambapo mlango wa choo ungekuwa, nguo imeshalowa. Akaniomba kwa adabu, kama mgeni anavyowaomba wenye nyumba, nimwonyeshe njia.

Mbusu mtoto. Shemeji mpe salamu zangu, kama bado anazitaka.

Mdogo wako,
Kiherehere