Maharage Kutoka Rocanel

Rocanel, 2 Juni 1986

Mjukuu wangu Sylvaine,

Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, nikishuka linanyamaza, kwa hiyo si jambo la kumpelekea mama yako. Wewe je? Nauliza kwa sababu barua yako ina kurasa mbili na sijaona mahali uliposema unakula nini. Nimeona kuta za Montferrac, nimeona lango la mabwana wa zamani na matao ya soko, nimeona na ukungu unaoinuka mtoni alfajiri. Mwanangu, mimi unaniandikia ukungu wa mto Dordogne? Nilifua nguo ndani ya ukungu huo kabla mama yako hajaota meno.

Hata hivyo nimefurahi, usije ukavimba kichwa. Mimi shule niliiacha mapema, bata walikuwa wananingoja. Leo mjukuu wangu analipwa na ofisi ya bonde zima ili atembee. Nilimwambia Léonce mchinja nyama, mbele ya watu, kwamba Sylvaine wetu ndiye anayechagua njia ya wageni, ya miguu, toka kijiji kikongwe hadi kijiji kikongwe mpaka Beaurival. Akauliza kama siku hizi kutembea nako ni kazi. Nikamjibu ni kazi kuliko kubonyeza mizani kwa kidole gumba. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Njia yako ipite Rocanel. Paa zetu za mawe zimesimama tangu enzi za mabwana hao unaowasifu, na duka la mkate likikosa wateja mwaka huu litafungwa, nitakula nini na supu? Lakini kikanisa cha jabalini usikiguse. Unajua kwa nini. Kila vuli tangu nilipomzaa mama yako napanda huko na kikapu mkononi, na narudi nacho kimefunikwa kitambaa. Uyoga ninaorudi nao Léonce hajauona hata ndotoni. Mahali penyewe hapajui mtu, hata mama yako. Mahali pa uyoga hapatajwi, hapaonyeshwi kwa kidole, hapaandikwi. Nasema tu, jabalini usipeleke mtu.

Bahasha ikikufikia imejikunja, ujue Huguette wa posta ameifungua kwa mvuke wa birika. Ni dada yake Léonce. Huguette, salamu.

Bibi yako,
Albertine


Montferrac, 19 Juni 1986

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Mama sijamwambia. Nakula vizuri: supu ya kitunguu saumu kila jioni, na ikibaki kidogo chini ya bakuli namimina divai nainywa hapo hapo, kama ulivyonifundisha. Mwenye nyumba ya wageni alinitazama akasema, "Huyu ni wa Rocanel, hakuna haja ya kuuliza."

Juzi nilishuka na mtumbwi kutoka hapa hadi Beaurival. Najua utanicheka, lakini acha niseme. Ngome mbili zinatazamana juu ya mto kama wake wenza waliogombana, na katikati korongo mmoja amesimama kwenye maji, hajali. Nyumba za Beaurival zimegandamana na mwamba kama viota vya mbayuwayu. Nimezaliwa bonde hili, na sikujua.

Sasa habari njema. Kutoka Rocanel kuna njia mbili za kwenda Beaurival. Ya juu inapita kikanisa cha jabalini, na ya chini inapita msitu wa mialoni na chemchemi hadi kinu cha zamani. Mkuu wangu, Bwana Carrère, aliitaka ya juu, kwa sababu ukisimama pale unaona mto wote unavyojipinda. Nilipigana naye siku nzima. Nikamwambia mawe ya juu yanaporomoka, mgeni atavunjika mguu. Mwisho alikubali. Njia itapita chini, msituni, na wachoraji wa alama wataanza Agosti.

Kwa hiyo kikapu chako kiko salama, Bibi. Usinishukuru.

Mjukuu wako,
Sylvaine


Rocanel, 23 Juni 1986

Sylvaine,

Mzima mimi. Wewe sina uhakika.

Nani alikutuma upigane na mkuu wako? Mtu mwenye macho akisema kule juu kunapendeza, wewe unamwambia mawe yanaporomoka? Mawe yale yamebeba kikanisa tangu kabla ya vita vya Waingereza. Padre mnene kuliko Padre Anselme alikuwa akipanda pale kila Pasaka na hakuna lililoporomoka ila pumzi zake.

Chini hapafai. Kuna nyoka. Kuna matope ya kumeza ng'ombe. Nguruwe mwitu ana watoto, na jike la nguruwe mwenye watoto hana adabu. Halafu kuna yule askari wa zamani asiye na kichwa, watu wamemwona, sisemi mimi nimemwona. Wageni wanatoka mbali na pesa zao, unataka wakanyage nyoka?

Rudisha njia juu. Nyumba ya Mungu ni ya kuonwa na watu.

Na usiniulize kwa nini. Nimekuzidi miaka, inatosha.

Bibi yako


Montferrac, 4 Julai 1986

Shikamoo Bibi,

Nimesoma barua yako mara kadhaa na nina wasiwasi. Mwezi uliopita uliniambia jabalini nisipeleke mtu. Sasa unaniambia nipeleke wote.

Nilikwenda tena chini na Bwana Carrère, kwa ajili yako. Hatukuona nyoka wala matope. Nguruwe mwitu hakuacha hata unyayo. Askari labda alikuwa amekwenda kutafuta kichwa chake. Tulikula mkate na jibini karibu na chemchemi, kivuli cha mialoni kimetulia, ndege mdiria anapita juu ya maji kama kibiriti kilichowashwa. Bwana Carrère alipapenda mno. Anataka kuweka benchi pale.

Bibi, usikasirike. Nilimsomea Mama barua zako zote mbili kwenye simu. Akasema hata Pasaka ulimwita kwa jina la shangazi yake. Anasema huko Bergerac kuna nyumba nzuri ya wazee, ina lifti na bustani, na chumba kimoja kitakuwa wazi vuli hii. Nilimwambia asubiri. Je, nimekosea kumwambia asubiri?

Kama kuna jambo, niambie.

Sylvaine


Rocanel, 8 Julai 1986

Mjukuu wangu,

Barua hii haikupita kwa Huguette. Anakuletea Padre Anselme, anakuja Montferrac kwa mazishi. Yeye namwamini, kwa sababu uyoga unamvimbisha midomo na hana tamaa nao.

Kwanza kichwa changu. Mama yako nilimwita kwa jina la shangazi yake kwa sababu alikuwa anatia maji kwenye divai, na aliyefanya hivyo katika ukoo huu ni shangazi yake peke yake. Mwambie hivyo. Na mwambie kwenye lifti ampandishe mume wake.

Pili. Miaka yote hii Léonce ananifuata. Kabla yake alinifuata baba yake. Kila vuli nikitoka na kikapu, kuna mtu nyuma yangu anayejifanya anatafuta mbwa. Sasa wewe una akili, umesoma. Mtu anayefuatwa hivyo, akiwa si mjinga, anatoka nyumbani kwa mlango gani? Fikiri. Nakuomba ufikiri, maana zaidi ya hapo siandiki, hata kwenye barua ya Padre.

Mama mkwe wangu alinipeleka mara moja tu, mwaka niliojifungua mama yako. Watu walikuwa mezani Jumapili baada ya misa. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika alisimama, akagonga ardhi kwa fimbo, tukarudi. Hivyo ndivyo mtu anavyorithi, na anarithi mmoja. Mama yako anasema kila kitu kwa msusi wake, kwa hiyo nilikuwa nangoja. Nilidhani nina muda wa kungoja. Sasa nyie mnaleta rangi na mabenchi.

Njoo Jumapili. Vaa viatu vibovu, kikapu usilete. Watu watakapokuwa mezani tutatoka kunyoosha goti langu. Usiniulize kitu njiani. Ukiuliza, narudi nyumbani, na benchi lenu liwekeni mnapotaka.

Bibi yako,
Albertine


Montferrac, 7 Agosti 1986

Shikamoo Bibi,

Nashukuru kwa chakula cha Jumapili ile. Matembezi yalikuwa ya kawaida tu. Hatukuona chochote, tulinyoosha goti.

Kazini nimekuwa kichekesho. Nilimwendea Bwana Carrère nikamwambia nilikosea, njia ipite juu. Akauliza yale mawe yanayoporomoka yako wapi. Nikasema nimeyakagua upya, yameshikana vizuri. Akauliza chini kuna ubaya gani basi. Nikamjibu kuna nyoka. Alivua miwani. "Bibie, wewe mwenyewe uliniapia hakuna nyoka, tukakaa pale tukala jibini." Nikasema wamekuja.

Kuna mwenzangu alitaka kuchora ramani upya kwa niaba yangu. Nilikataa, nimeichora mwenyewe Jumamosi mbili. Bwana Carrère ameandika kwenye ripoti kwamba mimi ni mtu wa kubadilika-badilika, na kazi ya mwakani kwenye bonde la jirani amempa mwingine. Inaniuma, lakini sijabadilisha maneno. Alama za njano zimeanza kupakwa, kutoka mlango wa kanisa kwenda juu moja kwa moja.

Chemchemi haina benchi.

Sylvaine


Bergerac, 30 Septemba 1986

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, ila goti wamelipasua na nimefungwa mguu kama mzoga wa bata. Niko kwa mama yako, si ile nyumba ya lifti. Hapa pia kuna lifti lakini sijaipanda. Nitashuka kwa ngazi siku nitakayoondoka.

Mkate wa hapa unatafunwa kama pamba. Mama yako ananiuliza kila asubuhi leo ni siku gani. Jana nikamjibu ni siku ya kuniacha. Anaandika kwenye kidaftari. Daktari aliyemleta anipime kichwa atakuja tena katikati ya mwezi, na chumba cha nyumba ile bado wanakishikilia.

Nashukuru umekubali kukaa nyumbani kwangu Rocanel mpaka nirudi. Nimesikia wageni wamejaa kule juu, na duka la mkate limeongeza tanuri la pili. Sikushangaa. Nimesikia pia kwamba Léonce anatambaa nyuma ya kikanisa katikati ya wageni wenye kamera, anawatukana kwa kukanyaga majani. Maskini. Mwambie pole kutoka kwangu.

Jumanne mvua ilinyesha, nililisikia goti. Halafu jua likatoka. Unajua bata wanavyopenda hali ya hewa kama hiyo. Waangalie bata.

Bibi yako


Rocanel, 9 Oktoba 1986

Shikamoo Bibi,

Natumaini mguu unaendelea vizuri na mkate unalainika.

Hapa tu wazima sote, bata pia. Nina habari mbaya. Mwaka huu uyoga hakuna. Jana nilitoka asubuhi na kikapu kupitia mlango wa mbele, nikapita dukani kwa Léonce, nikamsalimu, nikapanda hadi jabalini mbele ya macho ya kijiji kizima. Nilizunguka kikanisa mpaka mchana. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekunja uso, kikapu kimefunikwa, ndani yake koti langu tu lenye tope. Léonce mwenyewe alinipa pole. Alisema ni wageni walioharibu, nikamwambia ndivyo ninavyodhani na mimi.

Bustani yako lakini imezaa maharage ajabu. Padre Anselme anakuja Bergerac kumwona askofu, nimempa mtungi mmoja. Yakaange kwa mafuta ya bata na kitunguu saumu, moto mdogo, kama maharage yanavyokaangwa.

Huguette, salamu.

Mjukuu wako,
Sylvaine


Bergerac, 14 Oktoba 1986

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, hata mguu. Barua hii anarudi nayo Padre Anselme, haipiti kwa Huguette.

Maharage nimeyapokea. Niliyakaanga mwenyewe nimesimama kwa mguu mmoja, mama yako alitaka kunishika nikampiga mkono kwa mwiko. Nyumba nzima ilinukia, jirani wa ghorofa ya juu akashuka kuomba chumvi ambayo nina hakika anayo.

Daktari alifika tukiwa mezani, tukamwekea sahani. Mama yako alionja akaacha uma hewani. "Mama, huu ni uyoga." Nikamwambia ni maharage. Akasema, "Mama, tafadhali, tazama, huu ni uyoga." Nikamtazama machoni nikamwambia Sylvaine ameyachuma bustanini, ameandika, barua ile pale. Akamgeukia daktari kama mtu anayemwonyesha moshi wa nyumba inayoungua.

Daktari alikuwa anafuta sahani yake kwa mkate. Akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Rocanel. Akaniuliza maharage hayo huota upande gani wa kijiji. Nikamwambia upande wa bustani.

"Huyu bibi hana ugonjwa," akamwambia mama yako. "Mama yangu alikuwa na maharage hayo hayo, na mpaka leo sijui aliyapanda wapi." Akaomba aongezewe.

Kile chumba wamempa mtu mwingine. Narudi Jumamosi, kwa ngazi. Mlango wa mbele ufagie, watu waone.

Bibi yako,
Albertine