Injini Niliyopima Ingali na Joto

Mama Amani, mke wangu,

Nakusalimia, we na batoto bote. Ile homa ya mudogo ilimwachia? Na mgongo wako, unalala vizuri? Mi niko, nakula, nalala. Nakuandikia juu kwa simu nadanganya rahisi sana. Kwenye karatasi mutu anaona haya.

Uliniuliza kitu kimoja, tena mara tatu: muuze kiwanja, mukuje tuishi pamoja Lilongwe, ndiyo ao hapana? Nitakujibu. Lakini kwanza ujue: mi siko Lilongwe. Ile garaji ya Old Town niliiacha siku balituambia wakimbizi bote turudi kambini Dzaleka. Kelele ulizokuwa unasikia kwenye simu ni za soko ya kambi. Ukikasirika, ni haki yako.

Huku natengeneza pikipiki za kabaza, zile zinazobeba bantu, kando ya kanisa letu. Kutoka kambini ni kwa karatasi ya ruhusa, na karatasi ina saa yake ya kurudi. Ukikutwa mjini saa imepita, utalala polisi.

Sasa sikia. Bosi mumoja mwenye duka ya vipuri kule Old Town alisikia sifa yangu kwa Chisomo, Mmalawi anayeendesha kabaza Mponela. Akatuma neno: fundi akuje, nimupe pikipiki moja, nione mikono yake. Akiweza, nitaandika mwenyewe barua kwa serikali nimuombee ruhusa ya kazi. Mama Amani, mi nikaanza kuona nyumba ya vyumba viwili, na we uko mlangoni unanigombeza juu ya mafuta kwenye shati. Njo maana ile juma nilikuambia mutafute mununuzi wa kiwanja. Mudomo wangu hauna breki.

Nilipata ruhusa ya siku moja. Kazi ilikuwa kurekebisha supape. We ulikuwa unacheka hii neno, basi nakueleza tena: ni zile mbili zinazofunguka na kufunga juu ya injini, moja ya kuingiza hewa na petroli, moja ya kutoa moshi. Kati ya supape na chuma inayoisukuma lazima nafasi kidogo ibaki, unaipima na kichuma chembamba kuliko ukucha. Ikilegea, inapiga kelele. Ikibana, supape haifungi vizuri na injini inakosa nguvu, ao inakataa kuwaka. Na unapima injini ikiwa baridi, juu ikiwa na joto chuma inavimba, ile nafasi inapanuka na kukudanganya. Fundi aliyenifunza pale Uvira alikuwa na sheria yake: weka kiganja kwenye injini, omba Baba Yetu. Ukifika Amina na mkono ungali pale, fungua. Mkono ukitoka mbele ya Amina, kaa chini, ngoja.

Ile pikipiki ilipaswa kulala dukani, niikute asubui. Mwenye pikipiki, muteja wa bosi, akafika nayo saa nane ya muchana, anatoka Mponela mbio. Nikaweka kiganja. Sikufika hata kwenye mkate wa kila siku.

Bosi akasema, "Usiogope, fundi. Acha ipoe, sisi tuko hapa mpaka jioni." Mutu wa mji anaweza kusema vile. Mi saa kumi na moja lazima nionekane kambini. Kumuambia karatasi yangu inaisha niliona haya, nikafikiri atasema huyu ni shida tupu. Nikapepea injini na katoni kama mama anayechoma mahindi. Saa tisa nikaweka kiganja tena. Nilifika kwenye makosa yetu, mkono ukatoka. Nikafungua tu. Nikapima, nikakaza nati, nikafunga. Ikawaka, ikaunguruma vizuri sana, bosi akanipiga begani. Nikakimbilia minibasi ya Dowa, ile inayopita kambini.

Utasema haraka haraka haina baraka. Sema. Lakini aliyetunga ile methali hakuwa na saa ya kurudi kambini.

Kesho yake asubui ikakataa kuwaka. Chuma ilikuwa imepoa, ile nafasi niliyoacha imejifunga. Baliipiga teke mpaka jasho, kisha bakaita fundi mwingine. Huyo akafungua, akapima, akacheka. Miaka kumi na mbili niko kwenye hii kazi, na mi pia nimecheka bantu kwa kosa lile lile.

Chisomo njo alikuja kuniambia. "Achimwene," akaniita, maana yake ndugu yangu, "bosi hana hasira. Anataka uende umueleze mwenyewe kilichotokea, atakupa nyingine." Nikaenda biro ya kambi kuomba ruhusa. Kijana wa pale ni mpole. Akauliza, "Sababu ya safari? Hospitali? Msiba?" Nikamuambia: kueleza juu ya nini pikipiki ilikataa kuwaka. Akaniangalia kama natania, akanirudishia karatasi, akasema nijaribu mwezi ujao. Nimerudi mara mbili, jibu ni lile. Sasa bosi amechukua yule fundi mwingine.

Nimechoka, mke wangu. Kurudi huko nyumbani siwezi, we unajua juu ya nini, bale balionitafuta bado bako. Kwenda mbele, dosie yangu, ile faili ya kuomba kupelekwa inchi ingine, inalala kwenye kabati ya mutu. Natembea kutoka kanisani mpaka kwenye bomba ya maji, nikifika nageuka. Siku zingine nachukia hata kusikia minibasi inapita.

Unisalimie mama yako anayekaa na batoto ukienda soko. Umusalimie yaya yangu Furaha, dada yangu mukubwa mushonaji, na pasteri wetu aliyetuoa. Amani, mutoto wetu wa kwanza, umuambie nimeona maandishi yake, ni mazuri kuliko yangu. Na ndugu yako Lazaro, yeye anayezungusha habari ya kiwanja, umuambie zikomo, ni asante ya huku.

Ni mimi mume wako,
Papa Amani

Naona nimeshatia sahihi na sijakujibu. Nimezunguka makusudi. Nakutamani mpaka mwili unauma, na nakuambia: musikuje. Lazaro amuambie mununuzi basi, kiwanja hakiuzwi. Siku batakuandika kwenye kitabu cha wakimbizi wa hapa, we na batoto mutaanza kuomba ruhusa kama mi, na mi sitakuwa tena na mutu wa inje wa kumuandikia.