Yankho Bado Yuko Mgongoni

Shangazi Dorika wa redioni, pokea salamu zangu mimi Falesi, mama Yankho, huku Lizulu. Baba Yankho anakusalimu, ana kikohozi lakini analima. Mama mkwe anakusalimu, miguu yake ni ile ile. Wifi yangu Estele anakusalimu pamoja na mwanawe Wongani, na Yankho mwenyewe angekusalimu ila maneno yake hayajatimia matano, na ndiyo sababu nimeshika kalamu, naomba unisaidie maana nimechoka, Shangazi, nimechoka mpaka mifupa.

Yankho nilimzaa mimba ikiwa ya miezi saba, mdogo kama kiazi cha mbegu, wakamfunga kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, na muuguzi akaniambia, "Mama, huyu usimshushe mpaka nikuambie." Nikakaa naye hivyo wiki sita, nalala nimeketi, tukaruhusiwa siku ambayo muuguzi yule hayupo, wakasema kahamishwa, basi hakuna aliyekuja kuniambia. Sasa ana miaka minne na bado nambeba, viazi kichwani, yeye mgongoni kwenye kitenge, akinyoosha kidole nishajua ni maji, nampa kabla hajafungua mdomo. Wongani, aliyezaliwa naye mwezi mmoja, anakimbiza mbuzi. Estele hunitania, "Wifi, mimba hiyo hujajifungua tu?" Tunacheka wote, halafu naenda kulia chooni.

Chekechea ya kanisani kila mtoto hushika kikombe chake cha uji, wangu namnywesha mimi, nimechuchumaa katikati ya watoto. Juzi Mwalimu Zione akasema mbele ya akina mama wa zamu ya kupika, "Mama Yankho, mwanafunzi wangu nani, wewe au mtoto? Jumatatu unaishia mlangoni." Baba Yankho anasema mtoe, akae nyumbani mpaka akomae. Mama mkwe anasema kilichochimbwa kibichi hakikomai. Nikimwacha akapaliwa na uji je? Nikimtoa, si wenzake watamwacha kabisa? Nijibu upesi Shangazi, kabla ya Jumatatu, betri za redio nimeshatia mpya.

*

Mama Yankho, salamu zote zimefika, na hicho kikohozi cha baba akakipime. Pole, mama. Kuchelewa kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati si laana wala si kosa lako. Lakini mengine umeyaongeza wewe, nisikufiche. Mtoto anayepewa maji kabla ya kuomba, neno la maji alitafutie nini?

Chekechea usimtoe. Kumfungia nyumbani ni kumbeba tena, safari hii kwa kuta.

Kesho asubuhi nenda kliniki pamoja na baba yake, wampime masikio na macho, maana asiyesikia vizuri utamsubiri bure aseme. Waeleze tangu siku ya kuzaliwa, na kama hupaliwa mara kwa mara sema hilo kwanza. Uliza kama yupo wa kumpa mazoezi ya viungo na kumfundisha kuongea. Akinyoosha kidole, wewe sema "maji", kisha nyamaza, ngoja. Akitoa hata "ma", mpe na umpigie vigelegele. Kikombe kitie nusu, amwage, afute mwenyewe. Njia ya kanisani atembee, hata mkichelewa. Wewe beba viazi tu. Na Wongani si mizani. Mpime Yankho kwa Yankho wa mwezi jana.

Mwalimu Zione usimnunie. Mwombe amketishe karibu naye wakati wa uji, amwambie jambo moja moja. Mama mkwe mheshimu, ila maneno yake usiyabebe, mgongo wako umebeba vya kutosha.

Jumatatu mfikishe mlangoni, mwambie utarudi, uondoke kweli. Atalia. Nawe utalia, lakini lia ukiwa unatembea.

Na yule muuguzi, mama, alihama akasahau. Basi leo nakuambia mimi kwa niaba yake, na kila mwenye redio anasikia: mshushe.