Dagaa wa Sakafuni

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini ulinifundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata asipoitika. Basi nimekuamkia. Sasa nisikilize, maana nina hasira na sina wa kumwambia.

Wamekuandika kwenye kibao. "Sakafu ya Mama Kabula," kwa rangi ya bluu, kando ya barabara ya kwenda Magu, na chini yake jina la kiwanda kwa herufi kubwa kuliko zako. Wewe uliyeanika dagaa maisha yako yote juu ya mwamba wetu pale ufukweni, leo umefanywa saruji. Hakuna aliyeniuliza, na mimi ndiye mtoto wako pekee.

Ulipotutoka, kiwanda kilikuwa bado uvumi. Sasa kipo. Soko ni huria, redio haina wimbo mwingine. Sangara anaingia mzima, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunauziwa vichwa na mifupa. Hilo nimelizoea. Ila sasa wanataka gati kubwa zaidi, na gati lenyewe linapita juu ya mwamba. Waliposikia kuna akina mama wanaanika pale, wakasema hamna shida, kiwanda kinajali wananchi, tutawajengea sakafu ya kisasa. Wakaitisha mkutano.

Wakauitisha wakati wa giza, Mama. Mwezi haupo, taa za karabai zote ziko ziwani zikiwavuta dagaa, wanaume wanarudi asubuhi wamelewa usingizi, na sisi tuko mwambani tunageuza dagaa kabla mvua haijatuharibia. Nani aache dagaa wabichi akasikilize hotuba? Wewe ulikuwa ukisema, "Neno la ziwa lisemwe mbalamwezi," na kijiji kizima kilijua hivyo. Mwezi ukipevuka dagaa hawavuliki, mitumbwi inapumzika, ndipo watu wanakaa na kusemezana. Hata posa yangu ilingoja mbalamwezi. Waliokwenda kwenye mkutano wao ni mwenye duka, fundi baiskeli na wazee wa ng'ombe, watu ambao hawajawahi kunuka dagaa. Wakanywa soda, wakanyoosha mikono. Ikaandikwa kwamba kijiji kimeridhia.

Nilimfuata mwenyekiti wa kijiji. Akaniambia, "Kabula, usituharibie bahati." Bahati! Nikarudi nyumbani, nikasonga ugali, nikashindwa kuula.

Sakafu wameijenga kule juu barabarani, wageni wapate kuiona wakipita. Unapanda kutoka majini na beseni kichwani, maji ya dagaa yanakutiririka mgongoni mpaka kwenye kanga. Ukishawaanika, lori linapita, vumbi lote linawalalia. Unamkumbuka mnunuzi wako wa Magu, alivyokuwa anachukua dagaa mmoja, anamtafuna huku amefumba macho, halafu anasema, "Huyu ni wa jiwe"? Alikuja. Akamtafuna wa sakafuni, akatema, akavaa kofia yake. Mzigo ule niliwapa kuku.

Halafu akaja kijana wa kiwandani, wanamwita afisa uhusiano. Mtoto wa watu, mpole, katoka Dar, anamwamkia kila aliyemzidi umri. Akaniomba siku ya ufunguzi nitoe shukrani kwa niaba yako, tena nipike chakula cha wageni. Nilitaka kumfukuza. Nikakumbuka kile kicheko chako cha puani, nikasema sawa, nitapika.

Nikawapikia dagaa wa sakafuni. Kitunguu, nyanya, moto mdogo, kama ulivyonifundisha. Ila kuwaosha, sikuwaosha. Meneja akatia tonge la kwanza mdomoni, taya likasimama. Meza nzima ikaacha kutafuna. Nikaambiwa nishukuru. Nikasema karibuni sana, hivi ndivyo wanavyotoka kwenye sakafu mliyoipa jina la mama yangu. Wa mwambani mngejilamba vidole, lakini wenye mwamba hamkutuuliza. Mwenyekiti alinitazama kama anataka kunimeza. Mimi nikaketi.

Jioni yule kijana akarudi peke yake. Ndipo akaniuliza alichotakiwa kuuliza tangu siku ya kwanza, kwamba mkutano tuufanye lini. Nikamwambia mwezi ukipevuka, na soda zenu bakini nazo. Akakubali.

Usifurahi mapema. Nguzo za uzio wa gati lao zimeshasimikwa mpaka ukingoni mwa mwamba, waya ndiyo bado. Huenda meneja akatuambia karatasi zimeshapigwa mhuri, mambo yamekwisha. Nimechoka, Mama. Nimechoka kupewa zawadi na mtu ambaye hajui ninakaa wapi. Natamani ungekuwepo umkalie mwenyekiti kooni wewe mwenyewe, maana mimi nikikasirika sauti inakatika na machozi yananitangulia.

Jina lako nimewaambia walifute. Walipokawia nikalipaka matope mwenyewe. Unisamehe. Watakapouacha mwamba, waje tuongee habari ya vibao.

Pumzika, Mama. Mwezi umeanza kukua. Mkutano nimeomba ufanyike palepale mwambani, na akina mama wote wamesema watakuja. Mimi nitakaa mahali pako, pale palipolainika kwa kukaliwa na wewe. Nakuahidi sitanyanyuka. Wakileta waya wao, waufunge nikiwa ndani.

Mwanao,
Kabula