Siku Rohan Aliposimama

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini mgongo umepata nafuu na unaweza kuinama shambani. Kaka aliniambia ugonjwa wa mnyauko umefika hadi migomba ya nyuma ya nyumba, mkaikata yote. Pole sana, mama. Najua ulivyoitunza. Je, kahawa inaendeleaje hapo Kaisho?

Mimi ni mzima wa mwili. Uliniuliza kwenye simu mbona sauti imepoa, nikasingizia baridi ya huku Ujerumani. Haikuwa baridi.

Unamkumbuka Rohan, yule Mhindi ninayesoma naye, aliyekuamkia "shikamoo" kwenye simu ukacheka? Sisi wawili ndio tunaounda ile mashine niliyokueleza, miguu ya chuma yenye mota, anayofungwa mtu aliyepooza ili asimame na kutembea. Jumapili nikitoka kanisani tulikuwa tunaendesha baiskeli milimani. Yeye alipenda kuteremka kwa kasi huku akiimba, mimi nyuma nimeng'ang'ania breki. Jumapili moja ya mvua gari likamgonga kwenye kona. Nilimkuta amelala kwenye majani, macho wazi.

"Koku, viatu vyangu viko wapi?"

Vilikuwa miguuni mwake, mama.

Uti wa mgongo umevunjika. Mama yake ni mjane, na viza ya kuja alinyimwa. Akawa ananipigia kila jioni. "Binti yangu, mashine yenu si ya kusimamisha watu? Basi msimamishe mwanangu." Nikimjibu kwamba bado tunaijaribu, anarudia vilevile.

Mwezi uliopita daktari akaruhusu. Nilimfunga Rohan mikanda ya mashine mwenyewe, mama yake akitazama kwenye simu. Mota zikavuma, Rohan akainuka, akapiga hatua, kisha nyingine. Yule mama akapiga kelele za furaha, akaita majirani, "Njooni, mwanangu amepona!" Rohan akampungia mkono.

Lakini sisi tulikuwa tunaiona kompyuta. Mstari wa nguvu za mota ulipanda juu kabisa; wa misuli yake ulilala chini, haukutikisika hata kidogo. Miguu yake haikufanya kazi yoyote. Ilibebwa tu.

"Usimwambie," alininong'oneza, huku akiendelea kutabasamu kwenye simu.

Tangu hapo yule mama hunitumia baraka kila asubuhi, ananiita mponyaji wa mwanawe. Rohan hataki tena kuiona mashine. Nikienda kumtembelea tunaongea habari za chakula. Baiskeli yangu nimeigawa. Kazi naendelea nayo, ila mikono inakuwa mizito ninapoishika ile mikanda.

Msalimie sana baba, na bibi wa Kibingo anayeniombea, na shangazi wa Kihanga aliyenishonea sweta la safari. Kaka mwambie nashukuru kwa kukupeleka zahanati.

Lakini haya ya Rohan usiwasomee. Nimekuandikia wewe, kwa sababu nimeona lazima awepo mama mmoja anayejua.

Mwanao akupendaye,
Kokushubira